Nadhiri ya Bi Mwanamkasi

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika kijiji kimoja cha Mrima aliishi mja mwema, Bi Mwanamkasi, na mumewe Hatibu na watoto wao sita. Kila mwaka mahindi yakiiva, nyumba nzima ilitoka baada ya sala ya alfajiri kwenda kuyavunja na kuyachoma palepale shambani. Watoto wakiingojea siku hiyo, we, hawakamatiki!

Mwaka mmoja Hatibu aliugua hata akakata kauli. Bi Mwanamkasi akainua mikono: "Ewe Mola, mponye mume wangu, nami mahindi yatakayotangulia kuiva nitawapa maskini." Alhamdulillahi, Hatibu akainuka.

Sasa sikilizeni mambo! Siku zote ulitangulia kuiva mstari mmoja tu, ule wa kando ya njia. Safari hii mvua ilichelewa, ikaja kwa kishindo, na shamba zima likaiva kwa pamoja! Watoto wakaruka na vikapu vyao. Mama yao akaduwaa, maana ndani hamkuwa na hata punje ya akiba.

"Mama watoto, usijitie dhiki," Hatibu akasema. "Si ulikusudia mstari wa njiani? Toa huo. Mola anaijua nia yako."

"Anaijua, na ndiyo inayonitia haya!" akalia Bi Mwanamkasi. "Mstari ule ndio wenye mahindi mabaya, punje za kuhesabu. Nilimwomba uhai wako, nikamwahidi nisichokitaka! Ulimi wangu umesema yatakayotangulia, na yametangulia yote."

Maskini wakaitwa. Lahaula, watu walivyomiminika! Wakavunja, wakachoma, harufu ikatanda shamba zima. Watoto sita wakakaa pembeni wakimeza mate, na mama yao akasubiri, machozi yakimlengalenga.

Ajuza mmoja, Bi Mize, akamtazama. "Mwanangu, ninyi mmebakiwa na nini?"

"Hatuna kitu, bibi."

Bi Mize akacheka hata akashika mbavu. "Basi maskini wa leo ni ninyi! Haya sasa ni mali yangu, na mimi nawapa zawadi. Njooni mle, wanangu!"

Wenziwe wakaitikia kwa takbiri, kila mmoja akaleta fungu lake, na watoto wakala hata wakashindwa.

Ndugu zangu, mama yule alifunguliwa mlango wa kutokea, akakataa kupita. Sisi tunapomwahidi Mola wetu, tunamchagulia mstari upi?