Msamaha wa Mtu Mmoja

Paukwa! Itikieni, lakini kwa sauti ya chini. Hadithi hii haipendi kupigiwa kelele.

Palikuwa na watu watatu wa kijiji cha Mbwera, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Somoe, mwenye masikio. Ukimsengenya mtu nyumba ya tano, Somoe yuko jikoni kwake anatingisha kichwa. Wa pili ni Kitwana, mwenye mikono. Aliwahi kumtoa ng'ombe matopeni peke yake, na mpaka leo humkumbusha hata asiyeuliza. Wa tatu ni Bi Kidawa, mkunga, mwenye vidole. Miaka thelathini alizalisha, na hajawahi kumzika mzazi hata mmoja.

Na palikuwa na Mashavu, ambaye hakuwa na kipaji chochote ila kumpenda bintiye wa pekee, Chausiku. Somoe alikuwa mke mwenza wake, Kitwana shemeji yao, na Bi Kidawa jirani tu. Huyu Mashavu ndiye aliyepatwa na mambo, kwa hiyo mtazameni yeye.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na nchi ya Kisangaza, na sheria yake kwa wageni ilikuwa tamu kuisikia. Mgeni haombi kibali, halipi kitu. Anafika getini, anagongewa mhuri kwenye pasipoti, anaambiwa karibu. Siku saba ni zake: atembee, asalimie, azike, ahani matanga. Masharti mawili tu. Jua la siku ya saba lisizame naye yumo ndani, na mikono yake isifanye kazi. Atakayekosa lolote kati ya hayo anapelekwa kwenye visima vya chumvi. Kutoka huko barua zilikuwa zikifika. Watu hawakufika.

Basi Chausiku, mja mzito wa miezi minane, alivuka siku ya Ijumaa kwenda kuhani msiba wa shangazi wa mumewe. Mumewe alikuwa safarini. Aliahidi kurudi Jumapili, hakurudi. Jumatatu, kimya. Jumanne asubuhi Mashavu akawabishia hodi wale watatu, na hakuna aliyemuuliza swali la pili. Wakavuka wote wanne.

"Karibuni sana," alisema afisa wa getini, akigonga mihuri huku anatabasamu. "Siku saba. Na mikono ipumzike."

Kwenye msiba waliambiwa Chausiku aliaga Jumapili na mapema. Walitafuta Jumanne, wakatafuta Jumatano. Walilala kwa Bi Nunu, mjane aliyewapokea bila kuwajua. Aliwapa uji, akawapa na kitanda chake.

Alhamisi, kulipokucha, Mashavu alisimama uani akaona aibu. Shamba la Bi Nunu lilikuwa limemezwa na magugu, na mwenyewe amekwenda kisimani.

"Leo siku ya tatu," aliwaambia wenzake. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hajatupa, basi tulichukue wenyewe. Tupalilie kidogo tu, kisha tuondoke."

"Mwenzangu," alisema Somoe, "yule wa getini kasema mikono ipumzike."

"Yule anasema kazi ya mshahara. Hii ni adabu. Au mnataka tusemwe Mbwera nzima kwamba tulikula bure?"

Hakuna aliyetaka kusemwa. Majembe yalikuwa matatu, watu wanne. Watatu wakaingia shambani, Mashavu akabaki amekaa kizingitini, mikono mapajani, macho barabarani.

Akapita mtu juu ya baiskeli, mtu wa kawaida, shati safi. Akasimama.

"Poleni na kazi."

"Tumeshapoa," akajibu Kitwana, kama alivyofunzwa na mama yake.

Yule mtu akatoa kidaftari, akaandika, akapanda baiskeli yake. Bi Nunu aliporudi na kuona magugu yamelala chini, ndoo ilimponyoka. "Nani kawaambia mguse shamba langu? Nani?" Aliwafungashia mihogo, akafunga mlango, na wakamsikia akilia ndani.

Waliondoka haraka.

Kwenye njia ya machimbo ya zamani Somoe alisimama ghafla. "Nyamazeni." Wenzake hawakusikia ila upepo. Akalala kifudifudi, sikio ardhini, muda mrefu. Alipoinuka uso umembadilika. "Kuna mtu anaita mama." Aliwaongoza vichakani mpaka kwenye shimo lililofunikwa na nyasi. Humo ndimo Chausiku alimoanguka Jumapili akikata njia, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Bila masikio ya Somoe wangepita, na msichana angebaki humo.

Shimo lilikuwa na kina cha watu watatu, kuta za udongo mbichi, na kamba hawakuwa nayo. Kitwana hakutania siku hiyo. Aliweka mgongo upande mmoja, miguu upande wa pili, akateremka. Akapanda na Chausiku amefungwa kifuani kwa kanga mbili, huku udongo unamomonyoka chini ya nyayo zake. Alipofika juu hakuwa na kucha. Bila mikono ya Kitwana wangemsikia tu akifa.

Na uchungu ulikuwa umeshaanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, mkono umetangulia, na mama ana baridi ya siku nne. Bi Kidawa alipiga magoti kwenye nyasi, akanong'ona bismillahi, vidole vikaanza kazi. Alimgeuza mtoto pole pole kama mtu anayefungua fundo la uzi. Akatoka mtoto wa kike, kimya. Bi Kidawa akampulizia pumzi mara tatu, na mtoto akalia. Bila vidole vya Bi Kidawa wangebeba maiti mbili.

Mashavu aliwabusu mikono wote watatu. Alilia, akaapa hatawasahau milele. Kisha akahesabu siku kwa vidole, akashtuka: tangu Ijumaa, Alhamisi hii ndiyo siku ya saba ya Chausiku.

Walikimbia. Kitwana alimbeba mzazi mgongoni, na jua lilikuwa juu ya vilele vya miti walipofika getini. Afisa alikuwa yuleyule, na tabasamu lilelile.

"Chausiku, siku ya saba, jua lipo. Pita. Mtoto, pita. Mashavu, hujakosa. Pita." Kisha akafungua kidaftari kile cha mtu wa baiskeli. "Somoe, amelima. Kitwana, amelima, na amekiri kwa kinywa chake. Kidawa, amelima."

Askari watatu walikuwa wameshasimama nyuma yao.

"Mimi ndiye niliyewaambia!" Mashavu alipiga kelele. "Niandike mimi! Waache hawa!"

"Ulisema," alijibu afisa kwa upole. "Kusema si kazi."

Akafunga kidaftari. "Lakini Kisangaza si nchi ya wakatili. Mgeni akizaliwa kwenye ardhi yetu, tunampa zawadi: msamaha wa mtu mmoja. Anayechagua ni bibi yake mzaa mama. Jua likizama hajataja, zawadi inarudi, na wote watatu wanakwenda."

Mashavu aliwageukia. Chausiku alikuwa ng'ambo ya geti, anaita.

"Usiniangalie hivyo," alisema Somoe. "Tumegombana miaka kumi na tano, najua. Lakini ulipougua miaka miwili, nani alimlisha huyu mtoto? Ananiita mama. Leo alipoita mama shimoni, unajua alimwita nani?"

Kitwana alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Shemeji, mimi sina maneno. Watoto wangu watatu wako kwa jirani. Mama yao nimemzika juzi tu. Niliwaambia naenda, narudi."

Bi Kidawa aliongea akiwa ameinamisha kichwa. "Mimi si ndugu yenu. Ulinibishia hodi, nikaja. Pale kijijini nimewaacha wanawake wawili wanaotazamia kujifungua mwezi huu, na mkunga mwingine hakuna."

Mashavu alimpenda mmoja, akamwonea mwingine huruma, na mbele ya wa tatu aliona haya. Na aliyewaingiza wote shambani ni yeye.

"Mtaje," alisema afisa, akitazama jua.

Mashavu akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo, kwa sababu jina alilolitaja sitaki liwaamulie nyinyi. Wala msiniambie angebaki yeye, alijaribu mkasikia. Masikio, mikono na vidole: ondoa kimoja, na mtoto yule hayupo. Wawili kati yao watakwenda kwenye chumvi leo, na watakwenda wakijua kwamba si wao waliochaguliwa.

Wewe uliyekaa hapo, geti linafungwa. Je, unamtaja nani? Na wale wawili utawaangaliaje?