Bakuli la Bi Mwajabu

"Bakuli lina safari mbili." Ndivyo mama yenu alivyowaambia asubuhi, nanyi mkatazamana kama kuku walioona kioo. Njooni mkae, wajukuu zangu. Methali hii ilianzia hapa hapa Korogwe, na ilianza hivi.

Bi Mwajabu alikuwa mpishi wa vitumbua, mtu wa maneno na vicheko. Uzee ukamshika miguu, akawa hawezi kuchutama jikoni wala kukoka moto. Bahati njema, akina mama wa mtaa walikuwa na kikundi. Walipika pamoja nyumbani kwa Mama Shemboza, na kila adhuhuri Sikudhani alipakia mabakuli kwenye baiskeli, akawapelekea wazee na walemavu majumbani mwao. Alikuwa mtu wa mbio. Huku anaacha, kule anaacha, kisha anapita tena kukusanya vyombo.

Bi Mwajabu alikipenda chakula kile. Lakini kila akifika katikati ya bakuli alikomea hapo, akameza mate, akalifunika. Sikudhani akija, hulikuta lina nusu.

Kule jikoni maneno yakaanza.

"Chumvi imezidi," alisema mmoja. Wakapunguza chumvi. Nusu ikarudi.

"Labda kakosa nazi." Wakatia nazi. Nusu ikarudi, na nazi yake.

Mama Shemboza akachoka. "Huyo anadeka. Sikudhani, mwambie kama hataki, kuanzia kesho chakula chake apewe Mzee Shemhilu, yule kipofu wa karibu na reli. Yeye hula mpaka bakuli likaomba radhi."

Siku hiyo Sikudhani hakuacha chakula akakimbia. Aliegemeza baiskeli ukutani, akapiga hodi, akaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepata pancha?"

"Nimepata ujumbe. Wenzangu wanauliza, chakula chetu kina kasoro gani? Kila siku unakibakisha. Wanasema kama hukitaki, kesho tumpe mwingine."

Bi Mwajabu akashika kifua. Akaiona kesho yake, mlango kimya na jiko baridi.

"Nisikitaki? Mwanangu, jana nimesinzia hapa nikaota maharage yenu!"

"Sasa mbona unabakisha?"

"Nani kabakisha? Mimi narudisha! Ulilelewa wapi wewe, bakuli la watu lirudi tupu? Zamani nilitia vitumbua. Sasa sina cha kutia, natia hicho hicho. Mama yangu angefufuka anichape!"

Sikudhani akaangua kicheko. Kisha akaona jinsi bibi yule alivyojifunga kanga tumboni, imekazwa kama mzigo wa kuni. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Bibi, kumbe umekaa na njaa kwa ajili ya adabu?"

"Adabu haishibishi, najua," alisema Bi Mwajabu, sauti imeshuka. "Lakini mtu akiwa wa kupokea tu, kila siku apokee, mwisho hata akisalimiwa huona anahurumiwa."

Sikudhani akavuta mkeka, akakaa, mtu wa mbio yule. "Haya, leo kula chote. Cha kurudisha tutafute kingine, kisicholiwa."

Bi Mwajabu akala. Akala mpaka kijiko kikagonga chini, tena akapangusa mchuzi kwa kidole. Aliposhiba, macho yakamchangamka.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mwanangu akitoka kwao mnene, akirudi kwao kakonda, wala hajaugua."

"Mwezi?"

"Wapi! Wapelekee wenzako. Wakishindwa, wanipe mji."

Jikoni kukawa na kizaazaa. Mama Shemboza alisema ni gunia la mkaa, mwingine akasema ni bwana harusi. Walibishana mpaka wali ukaungua. Kesho yake Sikudhani alifika na chakula, na kichwa kimeinama.

"Tumeshindwa, bibi. Tumekupa Korogwe."

Bi Mwajabu akajiweka sawa kama malkia. "Nilikwenda Korogwe, nikalakiwa kwa ngoma. Nikawakuta akina mama kwa Mama Shemboza wanalitafuta jibu, na huku wamelishika mkononi wanaliosha. Bakuli!"

Tangu hapo bakuli lake halikurudi na chakula tena, wala halikurudi tupu. Likienda na makande, linarudi na kitendawili. Habari ikaenea kwa wengine. Mzee Shemhilu, aliyezoea kusokota kamba za katani, akamsokotea Sikudhani kamba ya kufungia mabakuli yasigongane njiani. Na Mama Shemboza, kila baiskeli ikirudi, aliacha mwiko akauliza kabla ya salamu, "Katutegea nini leo?"

Basi lile bakuli la jirani, lililokuja jana na ndizi za nazi, lipo pale kwenye kichanja. Limeoshwa. Lirudisheni, wala msiniulize mtie nini. Bakuli lina safari mbili.