Treni Iliyokatwa Katikati ya Salamu

Hapo zamani. Nasema zamani, lakini si ile ya majini na wafalme. Ni zamani ya juzijuzi, watu wana simu mikononi na bado wanapotea. Sogeeni karibu. Hadithi hii nimeisimulia pengi, na kila mahali nimeondoka na kichwa kizito kuliko nilichoingia nacho, kwa hiyo leo mtanisaidia kuubeba mzigo.

Palikuwa na msichana wa Wete, Pemba, jina lake Biubwa binti Faki. Biubwa alipata ufadhili wa kwenda kusoma uhandisi wa maji Vienna, huko Austria, na mamake hakumwacha mtu bila kumwambia. Muuza mkate aliambiwa. Mshona viatu aliambiwa. Hata watu waliokuja kudai pakacha zao waliambiwa kwanza, ndipo wakapewa pakacha. Biubwa akaenda, akasoma, akaganda kwa baridi, akasoma tena. Halafu ikaja likizo, na shoga yake akamwambia, "Twende tukatembee."

Shoga mwenyewe ni Nasria, mtoto wa Mombasa, anasomea udaktari wa meno chuo hicho hicho. Mtu wa mipango. Yeye ndiye aliyekata tiketi, yeye ndiye aliyebeba vitafunio, yeye ndiye aliyejua mlango wa kutokea. Wakaenda Prague, wakapotea. Wakaenda Berlin, wakapotea. Wakaenda Venice, mji wenye maji mahali pa barabara, wakapotea mpaka wakachoka kucheka. Na kila walipopotea, Biubwa aliuliza, "Sasa tuko wapi?" Nasria akajibu, "Tuko pamoja, inatosha."

Ikafika siku ya kurudi Vienna. Kesho yake kila mmoja alikuwa na mtihani, Nasria asubuhi, Biubwa mchana. Ufadhili wa Biubwa ulikuwa na sharti: akikosa mtihani, anarudi kwao, mazungumzo hakuna. Hilo lishikeni. Binti akichelewa, mamake atapita njia gani pale Wete?

Sasa sikilizeni mambo ya treni za kule. Treni inaondoka Venice ikiwa nzima. Ikifika stesheni ya njiapanda, milimani, inakatwa. Mabehewa ya mbele yanakwenda Vienna. Mabehewa ya nyuma yanakwenda Munich, Ujerumani, nchi nyingine kabisa. Ukikaa pako, huna neno. Ukienda kutembea, shauri yako. Biubwa na Nasria walikaa mbele, mahali pao hasa, na wala hawakujua kwamba treni ni kitu cha kukatwa.

Kabla ya njiapanda Biubwa alikwenda kutafuta choo. Vya karibu vimefungwa, akaenda mpaka nyuma kabisa. Kule akasikia Kiswahili. Bibi mmoja ameshika simu anasema, "Nakuja, nimo njiani. Mtoto msimpe jina mpaka nifike." Biubwa moyo ukamruka. Akarudi mbio kwa Nasria.

"Shoga, behewa la mwisho kuna bibi wa kwetu. Lafudhi ya Pemba hasa."

"Umemsalimia?"

"Alikuwa anazungumza na simu, nimempita."

"Umempita mtu mzima wa kwenu kimyakimya, huku ugenini? Rudi ukamsalimie. Mkoba acha, nitakulindia."

Biubwa akaacha mkoba. Akaacha pasipoti, tiketi, simu na koti. Anakwenda kusalimia tu, mara moja. Mara moja, anasema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Wete, Limbani."

"Limbani, wa nani?"

"Wa Faki Omar."

"Faki, mtoto wa Bi Time? Haya, Bi Time hajambo?"

"Bi Time tumemzika, bibi."

Bibi huyo, jina lake Bi Mize, akaziba mdomo kwa mtandio. Sasa ninyi mnajua, si watu wa kuambiwa. Mtu ukishampa habari ya msiba huwezi kuinuka ukaenda zako. Unakaa. Unasikitika naye. Unaeleza marehemu alivyougua na nani alikuwapo. Biubwa akakaa, akaeleza. Alipoona bibi ametulia, akainuka.

"Na mzee Shaame, fundi wa milango?"

"Naye tumemzika, bibi."

Akakaa tena. Akaeleza tena. Akainuka.

"Na Bi Hidaya je?"

"Bi Hidaya yu hai, bibi."

Alhamdulillahi. Lakini aliye hai naye ana habari zake, tena ndefu kuliko za maiti. Akakaa.

Hapo akapita mkaguzi wa tiketi, mwanamke mrefu jina lake Rozvita. Aliwaona wale wawili wameshikana mikono, wanalia, wanacheka, wanalia. Akadhani ni mama na bintiye. Akaitazama tiketi ya bibi, akaona haya kumkatiza binti, akapita. Kipaza sauti kikatangaza: abiria wa Vienna mbele, abiria wa Munich nyuma. Bi Mize alikijua Kijerumani, miaka mingi alikaa kule Ujerumani, lakini mawazo yake yalikuwa bado kwa Bi Hidaya. Kule mbele Nasria amekumbatia mikoba miwili, amelala fofofo. Treni ikasimama, ikatikisika, ikakatwa kama muhogo.

Biubwa alipopata ruhusa akaaga, akaenda kutafuta kiti chake. Akapita behewa la kwanza, akapita la pili, akafika kwenye ukuta. Akarudi nyuma, labda amepotea. Akaenda tena, taratibu, anapapasa viti. Ukuta uleule. Mabehewa mengine yote, pamoja na Nasria na mkoba na Vienna yenyewe, hayapo. Akasimama pale anauliza, "Sasa tuko wapi?" Hakuna wa kumjibu.

Rozvita akamkuta. Akataka tiketi, hana. Akataka pasipoti, hana. Bi Mize akaja anachechemea, akafasiri huku na huku. Kanuni ni kwamba mtu kama huyu anakabidhiwa kwa polisi kabla ya mpaka, na polisi wakishaanza maswali yao, mpaka kesho jioni. Biubwa akalia kilio cha mtoto. "Bibi, mtihani wangu. Mwambie nina mtihani."

Bi Mize akasema, "Nimwambie nini? Nitamwambia ukweli. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekung'ang'ania." Akafasiri hivyo hivyo.

Rozvita akasema, "Na mimi nilimpita bila kumuuliza."

Basi yule mama akafanya mambo mawili ambayo hakuruhusiwa hata moja. Alimpigia simu mwenzake wa treni ya mbele amwamshe msichana mwenye mikoba miwili, amweleze. Kisha akaisimamisha treni yake kwenye kituo ambacho haisimami, ili Biubwa avuke reli, apande treni ya kurudi. Pale mlangoni, upepo unawapiga, Biubwa akamshika mkono akasema, "Bibi, mwambie, nikifika, mtoto wangu wa kwanza somo yake ni yeye." Ikafasiriwa. Rozvita akauliza maana yake nini. Akaelezwa kwamba mtoto ataitwa jina lake. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la ndotoni.

Biubwa akateremka. Lakini yuko peke yake, bila koti, bila lugha ya kujieleza, na treni ya kurudi nayo ina mkaguzi wake. Bi Mize akamtazama. Simu yake inalia, mwanawe yuko Munich anauliza, "Mama umefika wapi? Watu wamekwishakusanyika." Kwa sababu siku ile ndiyo siku ya saba ya mjukuu wake, mjukuu wa pekee, na walikubaliana aitwe Mize. Bi Mize akavua koti lake, akamfunika Biubwa, akateremka. Kwa magoti yale. Mkaguzi wa treni ya pili alipokuja akamwambia kwa Kijerumani chake, "Huyu ni mjukuu wangu, ukimshusha unishushe na mimi." Wakaachwa. Kule Munich wakangoja, wakangoja, shughuli ikaharibika, mkwewe akakasirika, mtoto akapewa jina la bibi yake wa upande wa pili. Biubwa alimlalia Bi Mize begani akasema, "Bibi, nikifika, mtoto wangu wa kwanza somo yake ni wewe."

Mnacheka. Ngojeni.

Nasria aliamshwa. Akaambiwa, amua. Ukiendelea, unafika Vienna leo, unalala kwako, unafanya mtihani wako. Lakini mwenzio hawezi kukufuata, kwa sababu pasipoti yake unayo wewe. Ukitaka, teremka kituo kijacho umngoje. Kituo chenyewe kibanda kitupu, theluji mpaka mlangoni, hakuna hata mtu wa kumwachia mkoba. Nasria akateremka na mikoba yote miwili. Akangoja, vidole vya miguu vikafa ganzi. Biubwa alipofika, Bi Mize akawaaga akashika njia yake ya Munich, na hao wawili, kwa kuwa treni iliyomleta Biubwa haikuwa ya Vienna, wakabaki kungoja treni ya alfajiri. Treni hiyo iliingia Vienna mtihani wa Nasria umekwishaanza na milango imefungwa. Mtihani wa Biubwa bado. Pale kibandani, Biubwa aliuliza, "Sasa tuko wapi?" Nasria, meno yanagongana, akajibu, "Tuko pamoja, inatosha." Na Biubwa naye akasema, nadhani mmeshajua. "Shoga, mtoto wangu wa kwanza somo yake ni wewe."

Mimi simlaumu. Mtu aliyechanganyikiwa hajui ameahidi nini kwa nani. Ila ahadi hazikuchanganyikiwa, kila moja ilikwenda ikakaa kwa mwenyewe.

Biubwa akafaulu. Akarudi Pemba mhandisi, mamake akaanza upya kwa muuza mkate. Akaolewa, akajifungua mtoto wa kike. Akawaita wote watatu, nao wote watatu wakaja, kila mmoja na nguo ya mtoto, kila mmoja anajua amekuja kumwona somo yake; hata Bi Mize, aliyeifasiri ahadi ya Rozvita kwa mdomo wake, aliihesabu kuwa ya kuagana tu. Siku ya saba wakakutana ukumbini.

Nasria ndiye aliyeanza. "Biubwa, mimi nilirudia mwaka mzima. Wenzangu wakawa madaktari, mimi bado niko darasani na wadogo zangu. Kwa kushika mkoba wako. Na ningejilalia tu ndani ya ile treni, ungerudishwa kwenu mikono mitupu."

Bi Mize akasema, "Na ulilala kweli. Usingelala, ungemfuata mapema."

"Na wewe bibi usingeuliza Pemba nzima, asingehitaji kufuatwa."

"Nani aliyemtuma aje kunisalimia?"

Bi Mize akaendelea, sauti imeshuka. "Mimi siombi kikubwa. Nina mjukuu mmoja tu, na mwanangu hatapata mwingine. Angeitwa Mize. Sasa nikimwita kwa simu naita jina la watu. Nikifa, jina langu naondoka nalo."

Wakamgeukia Rozvita. Rozvita alisema kwa Kijerumani, na wa kumfasiria ni nani, kama si Bi Mize huyohuyo. Akasema, "Mimi sikujua kama naweza kudai. Baada ya siku ile niliondolewa kwenye treni, wakaniweka dirisha la vitu vilivyopotea. Natunza miavuli ya watu. Treni nilizipenda. Lakini kila nilipohuzunika nilijiambia, iko nchi ambako atazaliwa mtoto atakayeitwa Rozvita. Kwetu hakuna aliyewahi kulitaka jina langu. Kama yalikuwa maneno ya kuagana tu, niambieni, nitaelewa."

Bi Mize alifasiri yote. Sauti ilimkatika mara mbili, lakini neno hakuacha hata moja.

Haya, mimi hapo ndipo ninapopotea. Bila Rozvita kupiga simu, Nasria angeamkia Vienna na pasipoti ya mwenzie mapajani. Bila Nasria kuteremka, Rozvita angekuwa amemtupa binti wa watu kwenye theluji tu. Bila Bi Mize, mkaguzi wa pili angempeleka polisi. Na bila hao watatu, asingepotea kamwe. Nikimshika huyu, yule ananiponyoka.

Mwanakheri, wewe uliyekaa hapo mbele yangu, nakuona unataka kusema apewe majina yote matatu. Watu wakimwita Mize, Rozvita na Nasria wamebaki na nini? Somo ni mmoja. Na wewe unayenong'ona kuhusu mtoto wa pili, ahadi ilikuwa ya wa kwanza. Na ukimpa jina la nne ili kuleta amani, umevunja ahadi tatu kwa pigo moja na wageni wako ukumbini.

Wembe wa kumnyolea mtoto umekwisha kutiwa maji. Wali umeiva. Babake mtoto amesimama mlangoni anataka jina aende kuwatangazia wanaume nje. Mtoto ameamka, anamtazama kila anayemwinamia. Biubwa akawatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine, machozi yanamtoka, akasema kama alivyosema Prague na Berlin na Venice, "Sasa tuko wapi?"

Safari hii Nasria hakumjibu.

Basi jibuni ninyi, maana jina linangojwa. Kati ya Nasria, Bi Mize na Rozvita, nani alistahili?