Mfalme Aliyegoma Kufungua Lango

Kisa!
*Kije!*
Kije na nini?
*Kije na utamu wake, kije na uchungu wake!*
Basi sogeeni, nakileta.

Hapo zamani, ila si zamani sana, katika mji mmoja wa bara unaopitiwa na reli, aliishi mzee akiitwa Mihayo. Alifanya kazi kwenye treni. Ndiye aliyepita mabehewani akitangaza jina la stesheni inayofuata. Na sauti aliyokuwa nayo! Hata uwe umelala fofofo behewa la mwisho, utaamka, utashika mzigo wako.

Alikuwa na mke, na binti mmoja, Kalunde. Siku moja mzee yuko safarini, mkewe akashikwa na tumbo. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akasema, "Huyu apasuliwe sasa hivi. Nani anatia saini?" Mume anapigiwa simu, haipatikani. Anapigiwa tena, haipatikani. Anapigiwa mara ya tatu, kimya. Kalunde akashika kalamu, akatia saini.

Mama akaingia chumba cha upasuaji. Hakutoka mzima.

Mzee Mihayo alishuka kwenye treni akakuta turubai limefungwa uani kwake. Hakulia. Walipomaliza kuzika, watu wangali wamesimama pale, alimgeukia binti yake.

"Umempeleka mama yako kwenye kisu bila ruhusa yangu. Naapa juu ya udongo huu: sitakutazama usoni, wala sitakuita jina lako, mpaka na mimi nifukiwe."

Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Ikatimia miaka saba.

Kalunde hakuhama. Kila mchana mzee akiwa nyumbani, alipika, akabeba sahani mpaka chumbani kwa baba yake, akabisha. "Baba, chakula." Mzee anageukia ukuta. Binti anaweka sahani, anatoka. Sahani inarudi tupu. Neno halirudi.

Mnasema alikuwa na roho mbaya? Hapana, jamani. Hasira ilimwisha mwaka wa tatu. Kilichobaki ni kiapo. Ameapa kaburini, mbele ya majirani na mashemeji, sasa atarudije nyuma? Akabaki humo ndani ya maneno yake kama mtu aliyejifungia mlango na kuuvunja ufunguo.

Alipostaafu, siku zikawa ndefu. Ndipo akasikia kuwa Mwalimu Chausiku, mama mmoja aliyefundisha miaka mingi, ameanzisha kikundi cha kusoma kwenye chumba cha maktaba, kila Alhamisi alasiri. Wanasoma visa vya kale vya Wayunani: vita, mashujaa, miungu wenye hasira za karibu, wafalme wanaojitia kitanzi kwa mikono yao. Mzee akaenda kuchungulia tu. Mwalimu alipomsikia akisalimia, akampa kitabu asome kwa sauti. Siku hiyo hata wapita njia walisimama dirishani.

Basi wakaanza kisa cha mfalme mmoja. Mfalme huyo alikuwa na binti, na binti aliwafungulia mateka wa vita waende kwao. Mfalme akamfukuza, akaapa mbele ya miungu yake: lango la mji halitafunguliwa tena kwa ajili ya mtoto huyu. Adui wakarudi. Binti akakimbilia langoni, akaita, "Baba, nifungulie." Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Mfalme yuko juu ya ukuta, kiapo kimemkaba. Alipokuja kufungua, alifungulia maiti.

"Mfalme mpumbavu huyu!" alisema Ramla, muuza vitenge, akafunga kitabu kwa kishindo.

"Kiapo ni kiapo, mama," akajibu Mzee Mihayo.

Alhamisi ya pili wakakisoma tena, maana wengi walitaka kubishana. Fundi Sizya wa baiskeli akasema, "Mimi ningefungua, miungu tukaonane huko mbele." Mzee akajibu, "Kiapo ni kiapo." Lakini safari hii alisema akitazama sakafu.

Alhamisi ya tatu Ramla akamuuliza taratibu, "Hivi mzee, pale juu ya ukuta, unadhani mfalme hakumpenda mwanawe?"

  Mzee akatafuta miwani yake mfukoni, na miwani alikuwa ameivaa.

Mwalimu Chausiku aliliona hilo. Mji mdogo ule, habari za kiapo alizijua kama kila mtu. Akatangaza, "Wayunani wa kale walikuwa hawasomi visa hivi wameketi. Waliviigiza, tena wakiwa wamevaa vinyago. Nasi Alhamisi ijayo tutaigiza. Mzee Mihayo ndiye mfalme. Ramla ndiye binti."

Wakatengeneza vinyago kwa maboksi na rangi. Siku ikafika, chumba kikajaa. Mzee akapanda juu ya meza, ndio ukuta wa mji huo. Wengine wakasimama pembeni kuwa raia. Akaingia binti wa mfalme, kinyago usoni, kanga imemfunika mpaka miguuni.

"Baba, nifungulie."

Niwaulize nyie: sauti ya mwanao, utaisahau?
*Hatuisahau!*

Mzee Mihayo aligeuka kuwatazama raia. Hii haikuwa sauti ya Ramla. Ramla huyo hapo, amesimama na raia, anajifuta macho. Kitabuni mfalme anajibu: *Ondoka langoni, sikujui.* Mzee alilijua jibu lile kwa moyo. Halikutoka.

"Baba, nifungulie."

Fundi Sizya akamnong'oneza, "Ondoka langoni. Mzee, sema: ondoka langoni."

"Baba." Na hapo sauti ilikatika. "Nifungulie."

Mzee akashuka mezani. Akashuka vibaya, goti likagonga sakafu, hakujali. Akasema kwa ile sauti yake ya treni, "Ingia, mwanangu! Ingia ndani!"

"Lakini mzee, haikuandikwa hivyo!" akasema raia mmoja.

"Basi aliyeandika alikosea!"

Mwalimu Chausiku akamsogelea, akasema polepole ili asikie yeye peke yake, "Kiapo chako kiko salama, mzee. Hukumtazama usoni, umetazama boksi. Wala jina hukulitaja. Ukitaka tuishie hapa, tunaishia hapa."

Mwaona ujanja wa mwalimu? Alimtengenezea upenyo, mzee apite bila aibu, kiapo kisiguswe.

 Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Miaka saba inatosha." Akavua kinyago chake mwenyewe. Halafu akavua kile cha binti yake. Akamtazama. Alimwacha msichana, sasa ana mvi mbili tatu juu ya sikio.

"Kalunde," akasema.

"Abee, baba."

 Waliondoka pamoja, jua bado liko juu, wakafuata njia ya kando ya reli. Huko ndiko mzee alikosimama. Mjue, mzee alikuwa akimwita mkewe kwa jina la mtoto, kama watu wote waitanavyo. Kwa hiyo miaka yote ile, pamoja na binti, hata marehemu alikuwa hawezi kumtaja.

"Mama Kalunde," akasema, na jina lile lilimtoka kwa taabu. "Kabla hawajamwingiza. Alisema nini?"

Hakuwahi kuuliza. Kalunde alikuwa amelitunza jibu miaka saba, hana wa kumpa.

"Aliniambia, 'Tia saini, mwanangu, usiogope. Baba yako angekuwepo, angetia yeye.'"

Mzee Mihayo akaketi juu ya jiwe kando ya reli, akamlilia mkewe. Na Kalunde akaketi naye.

Kisa nimekitua.
*Tumekipokea!*
Kikiwa kizito, tubebe sote. Kikiwa kitamu, kila mtu aende nacho kwao.