Adhabu ya Sista Mapunda

Fumbo hili limemshinda msimulizi miaka mingi. Lipokeeni, labda ninyi mtaliweza.

Walikuwako wanafunzi watatu wa uuguzi, waliopelekwa hospitali ya wilaya kujifunza kazi. Tumpale alijaliwa jicho: mgonjwa hakubadilika asimwone. Kabula alijaliwa miguu. Nasra alijaliwa mkono wa sindano. Bwenini alitafuta mishipa kwenye mikono ya wenzake mpaka wakawa wanamkimbia.

Alijifunzia huko kwa sababu Sista Mapunda, msimamizi wa wodi, hakuwafundisha kitu. "Mgonjwa wangu si mdoli wa kujifunzia," alisema. "Bedpani zile pale, vyombo vya choo vya wagonjwa, kaosheni." Kila Tumpale alipothubutu kuuliza swali, Sista aliwageukia wagonjwa: "Jamani, msikilizeni daktari!" Wodi nzima ikacheka. Tumpale akaosha bedpani za vinyesi huku akiomba siku moja tu ya kumlipa.

Siku ikaja. Sista alikuwa na kisukari; asubuhi hiyo alijichoma insulini, akasahau kula. Akainamia meza, watu wakadhani amesinzia. Tumpale akaona jasho shingoni na vidole vinavyotetemeka. Moyo ulimwambia anyamaze. Alizitupia jicho bedpani zilizomsubiri, kisha akapiga kelele: "Sukari imeshuka!"

Dripu ya sukari ilikuwa imekwisha wodini. Kabula akatimua mbio hadi wodi ya watoto, akarudi nayo akihema.

Wauguzi wengine walikuwa chumba cha upasuaji, na mshipa wa Sista ulikuwa umejificha. Nasra, ambaye hakuwahi kuruhusiwa kumchoma mgonjwa hata mmoja, akaupata mara ya kwanza.

Sista akafumbua macho.

Alipopata nafuu, Matroni, mkuu wa wauguzi, aliyeyajua malalamiko yao juu ya Sista, akatamka: "Aliyemwokoa ndiye atakayechagua adhabu ya Sista."

"Niliyeona ni mimi," akasema Tumpale. "Aoshe bedpani, sisi tukitazama."

"Uliona, ukaleta nini?" Kabula akadakia. "Miguu yangu ndiyo iliyomwokoa. Afukuzwe wodini."

"Na dawa ingeingia mwilini kwa mbio zako, shoga?" akacheka Nasra. "Mimi nataka anifundishe. Kila siku, mpaka nichoke mimi."

Matroni alishindwa kumjua mwokozi, basi akachagua adhabu tu: Sista aoshe bedpani. "Nani atasimamia?" akauliza. Kabula akatazama chini. Nasra akatoka nje. Tumpale akafunga aproni, akasimama kando ya Sista kwenye sinki. Bedpani ya kwanza ikang'aa. Tumpale akaigeuzageuza.

"Rudia," akasema.

Haya, mliosikia: haki ya kumwadhibu ilikuwa ya jicho, ya miguu, au ya mkono? Wewe ungempa nani?