Kitambaa Cheupe cha Bibi Yangzom

Hapo zamani, katika bonde la milimani ambako hata mawe huchongwa maneno ya Budha, aliishi ajuza aitwaye Yangzom. Kila baada ya miaka kumi na miwili, watawa wa mbali, huko juu ya bonde, huteremsha ukutani picha ya Budha iliyoshonwa kwa kitambaa, kubwa kuliko nyumba. Huonyeshwa asubuhi moja tu, kisha hukunjwa. Yangzom hakuwahi kuiona. Mara uchungu wa kuzaa, mara theluji, mara mume yu mgonjwa. Sasa macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Akiikosa mwaka huu, ndiyo basi tena.

Mkwewe Rinzin akasema, "Mama, safari hii utaiona!"

Akamwaga njegere sakafuni jikoni, akaanza kuipanga safari. Njegere moja, kituo kimoja. Kule watu hawahesabu maili. Huhesabu vikombe vya chai anavyokunywa msafiri njiani. "Hapa hadi pangoni, vikombe vitatu. Pangoni hadi darajani, vikombe vitano." Alipanga msimu mzima wa baridi, na safari ikatoka siku nne kamili. Yangzom alikaa karibu na jiko akizitazama njegere zile, akicheka peke yake kama mwari.

Majirani wakaja, wakamsifu Rinzin. Nanyi mwajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akasogeza njegere mbili, akatia njia ya mkato!

Sasa, nani atabaki kukamua yaki, wale ng'ombe wao wa manyoya marefu? Jirani yao Kunzang alikuwa amekwisha kufunga mzigo, maana naye hakuwahi kuiona ile picha. Akamtazama ajuza, akaufungua mzigo wake.

"Nendeni. Nitakamua wenu na wangu. Na dume langu hili pole, bibi alipande."

Wakatoka: Rinzin mbele, Yangzom juu ya yaki, na bintiye Dechen, mke wa Rinzin, nyuma. Siku ya tatu wakafika kwenye ukuta mrefu wa mawe ya maombi. Njia ya mkato ilipita chini, ukuta ukiwa mkono wa kushoto. Dechen akasimama kidete.

"Mimi sipiti hapo. Ukuta wa maombi hupitwa ukiwa mkono wa kulia."

"Njia ya juu ni vikombe sita zaidi! Mama ataikosa picha!"

"Mwenda pole hajikwai."

"Nakwambia ataikosa!"

Dechen akashika kamba ya yaki, akapanda njia ya juu. Yangzom aliogopa sana, nusu siku ilikuwa inampotea. Lakini hakumkemea binti yake, kwani yeye mwenyewe hakuwahi kuupita ukuta ule kinyume maishani mwake.

Walipofika juu wakatazama chini. Mlima ulikuwa umeporomoka punde tu, na njia ya mkato imefukiwa yote.

Ile nusu siku ikafidiwa na yaki. Mlima wa mwisho, ambao bibi kwa miguu yake angelala njiani, dume lile liliupanda bila kupumzika. Wakafika asubuhi parapanda zikilia na kitambaa kikiteremka. Yangzom akaona dhahabu, akaona buluu, akauona uso wa Budha umetulia. Akalia, akacheka, akacheza, na miaka yake sabini!

Mtawa mkuu akampa kitambaa cheupe cha baraka. "Mvishe aliyekufikisha hapa. Ni kimoja, na hakikatwi."

Wakarudi nyumbani, Kunzang akawapokea kwa vigelegele. Rinzin akaanza:

"Mama, bila mpango wangu usingevuka hata kizingiti. Mapango, maji, vituo, vyote nilivipanga mimi."

Dechen akasema, "Na bila mimi, mpango wako ungetuzika sote watatu."

Kunzang alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Mimi sikupanga, wala sikuongoza. Lakini yaki ni wangu. Na picha mliyoiona nyinyi, mimi nitaingoja miaka kumi na miwili."

Yangzom akasimama na kitambaa mkononi, mbele yake watu watatu, na wote anawapenda.

Haya, msinitazame mimi, mimi nimeshindwa. Kitambaa kimoja, shingo tatu. Je, nani alistahili kuvishwa?