Unyayo wa Vidole Saba

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo unyayo ndio ulikuwa sahihi ya mnyama, aliishi Bi Mnana, ndege mdogo wa manjano, mjane mwenye makinda matatu. Alisuka vikapu vya ukindu vilivyokazwa hata maji hayavuji. Wala hakuna aliyevitaka.

Hilo lilimnyima raha. Kijijini kwao, mwaka wa njaa, ghala la mtama lilifunguliwa kwa mafundi kwanza. Fundi alikanyaga majivu mlangoni, na unyayo wake ukijulikana, alipewa chakula. Asiyejulikana alisubiri makombo. Njaa iliyopita, mumewe Bi Mnana alikwenda kusubiri makombo, na hakurudi.

"Shikamoo Bi Kiboko," alisema siku moja sokoni. "Nitazamie kikapu hiki."

"Marahaba. Hiki si kiota umekipindua tu?" Bi Kiboko akakitupa chini, pu! "Kizuri chajiuza, mwanangu. Kibaya ndicho chajitembeza."

Bi Mnana alirudi nyumbani akilia. Alipokuwa anakata bamia za mchuzi, kipande kimoja kilidondokea kwenye maji ya zambarau aliyotilia rangi ukindu, kikabingirika juu ya gome la mti. Kikaacha alama ya zambarau yenye ncha saba, kama unyayo.

Akaacha kulia.

Soko lililofuata, kila kikapu kilining'inizwa kipande cha gome chenye alama ile. Bwana Ndovu, mlinzi wa ghala, alisimama.

"Nani huyu mwenye vidole saba?"

"Ni fundi wa mbali, Bwana Ndovu. Mimi namuuzia tu."

"Mbona unyayo wenyewe mdogo?"

"Wewe nawe," Bi Kiboko alidakia. "Mkubwa wa kweli hakanyagi kwa uzito. Anagusa tu." Akakiinua kikapu kilekile alichokitupa. "Umeona ukili huu, Bi Mnana? Jifunze. Siyo vile viota vyako."

"Nitajifunza, bibi," alijibu Bi Mnana, na moyoni alicheka hadi manyoya yakamtetemeka.

Vikapu vikagombaniwa. Msimu haukuisha, ghala zima likawa linatumia vikapu vya Vidole Saba. Bi Mnana alijiambia: siku ya njaa ikifika, nitasema.

Mvua zikagoma, na siku ikafika. Bi Mnana alipanga foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika akakanyaga majivu, tif.

Bwana Ndovu aliinama akatazama. "Unyayo huu umetufanyia kazi gani?"

"Vikapu vyote vilivyomo humo ni vyangu."

"Hivyo ni vya Vidole Saba."

"Vidole Saba hayupo, Bwana Ndovu. Ni bamia."

Akatoa kipande cha bamia, akakichovya kwenye zambarau, akagonga gome, pa! Alama ikatoka ileile. Foleni nzima ikasogea kutazama, na Bi Mnana akadhani ameokoka.

"Kumbe unajua kughushi," alisema Bwana Ndovu polepole.

"Nipeni ukindu basi. Nitasuka hapahapa, mbele yenu."

Wakampa. Alisuka njaa ikimuuma, na alipomaliza, kilikuwa kikapu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusuka. Bi Kiboko alikigeuza huku na huku.

"Amemwiga vizuri maskini," alisema. "Lakini hiki hakina alama."

Bwana Ndovu akaamua: mwizi wa jina la mwenziwe hana fungu, hata la makombo. Kisha akakichukua kikapu kile kipya, akakijaza mtama, akakiweka mlangoni kumngojea Vidole Saba.

"Mama, wamekujua?" makinda waliuliza alipofika.

 Bi Mnana aliwakumbatia tu kwa mbawa zake.

Mtama ule ulikaa mlangoni hadi ukaliwa na fukusi. Mvua iliporudi, kiotani alikuwa amebaki kinda mmoja, na hata huyo hakuwa na nguvu ya kulia.

Wanangu, kazi uliyoitia alama ya mwingine, siku ya shida haitakutambua.